UKURASA WA MWALIMU: Mvua kubwa na kazi za halmashauri, sisi jamaa tunaingia wapi?

Mwezi uliopita tuliongea juu ya watoto wanaokosa shule wakati wa kulima. Barua zenu tumezikuta kwenye sanduku la maoni, asanteni sana, tutazijibu moja moja.

Mwezi huu nimechagua jambo ambalo wengine watasema, "Mwalimu, hiyo si habari ya jamaa, hiyo ni ya ofisi." Naomba mnisikilize kwanza. Ninataka tuongee juu ya zile kazi za nje ambazo halmashauri inafanya: kuchonga barabara, kuzibua mitaro, kufyeka majani, kuzoa taka, kukata matawi ya miti. Na jinsi mvua kubwa, upepo mkali na jua kali vinavyozivuruga kazi hizo. Kwa sababu kazi hizo zikisimama, wa kwanza kuumia si ofisi. Ni mama mjamzito ambaye gari la wagonjwa halikumfikia, ni mtoto anayevuka maji kwenda shule, ni jamaa inayongoja unga na lori limekwama porini.

Katika mkutano wa wazazi shuleni kwetu mama mmoja aliuliza hivi: "Greda lilipita mwezi wa tisa, sote tuliliona. Mwezi wa kumi na mbili barabara imekuwa mto. Sasa hawa watu wanafanya kazi au wanacheza?" Watu walipiga makofi. Swali ni zuri, na jibu lake ni refu kuliko ndiyo au hapana. Basi tulifuate pole pole.

HALMASHAURI NI NANI?

Sisi tuliotoka Kongo na ndugu zetu wa Burundi tumezoea kusema komini. Huku Tanzania inaitwa halmashauri ya wilaya, ya mji au ya manispaa. Zamani barabara ndogo zote za wilaya zilikuwa kazi ya halmashauri yenyewe. Tangu mwaka 2017 kuna wakala unaoitwa TARURA, ndio wanaoshughulika na barabara za vijijini na za mijini. Barabara kubwa za kuunganisha mikoa ziko kwa TANROADS. Halmashauri imebaki na taka, usafi wa masoko, machinjio, makaburi, na usafi wa mitaa pamoja na mitaro yake.

Ndani ya kambi ni tofauti kidogo. Kazi hizo zinafanywa na mashirika pamoja na wakimbizi wenzetu wanaopata posho. Lakini tusijidanganye kwamba sisi tuko kisiwani. Barabara inayoleta chakula, dawa, madaftari na sabuni inapita katika vijiji vya halmashauri. Kalavati likibebwa na maji kilomita 20 kutoka hapa, mwanakijiji anakosa soko na mkimbizi anakosa unga siku ile ile. Maji hayaulizi nani ana kadi ya mgao na nani hana.

MAJI YANAIUA BARABARA NAMNA GANI

Barabara ya udongo ikichongwa vizuri inakuwa na mgongo katikati, kama paa la nyumba. Mvua ikinyesha, maji yanateremka kulia na kushoto, yanaingia mtaroni. Mtaro unayapeleka mpaka kwenye kalavati, au unayatoa kando kidogo kidogo kwa mitaro midogo ya kupunguzia maji. Barabara ya udongo haina dawa nyingine kubwa kuliko hiyo: maji yaondoke haraka.

Sasa angalieni yanayotokea. Mtaro umejaa mchanga na takataka. Maji hayana njia, yanapanda barabarani. Lori zito linapita wakati barabara imelowa, matairi yanachimba makorongo mawili, na ule mgongo unaanguka. Mvua inayofuata haiendi tena mtaroni, inafuata yale makorongo kama bomba. Siku chache tu kazi ya greda imekwisha. Ndiyo maana mahali pengine wanafunga kizuizi baada ya mvua na malori mazito yanasubiri barabara ikauke. Dereva anakasirika, na sisi tunaongoja mgao tunakasirika, lakini lori moja likilazimisha linaweza kuwaharibia wote watakaokuja nyuma yake.

Na kalavati nalo. Kalavati lilipimwa kwa maji ya zamani. Wataalamu wa hali ya hewa wanatufundisha kwamba hewa ikiongezeka joto kwa digrii 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7. Maana yake mawingu yanaweza kumwaga maji mengi kwa saa chache kuliko yale waliyohesabu walioweka bomba lile. Bomba ni lile lile, maji ni mengi zaidi. Likiwa limeziba nusu kwa mchanga na chupa, basi maji yanapita juu, yanakula udongo wa pembeni, na asubuhi mnakuta bomba liko peke yake katikati ya korongo.

GREDA NALO LINA MSIMU WAKE

Watu wengi wanafikiri greda linaweza kufanya kazi siku yoyote. Sivyo. Kwenye tope haliwezi, linazama na linaharibu zaidi. Lakini hata kiangazi kikavu kabisa kina shida yake. Udongo umekuwa vumbi, haushikani. Greda likichonga bila gari la kumwaga maji na bila mashine ya kushindilia, ile tabaka ya juu inakaa kama unga kwenye sahani. Gari likipita inapeperuka, mvua ya kwanza inaifagia.

Wakati mzuri ni pale mvua zinapoishia, mwezi wa tano na wa sita, udongo ukiwa bado na unyevu. Wakati huo mitaro pia inaonekana wazi wapi imeharibika. Kwa hiyo yule mama aliyeuliza swali mkutanoni ajue: greda la mwezi wa tisa lililopita bila maji, bila kushindilia na bila mitaro kuzibuliwa, halikuwa na nguvu ya kufika Krismasi.

Basi kwa nini hawaji mwezi wa tano? Hapa tunaingia kwenye kalenda ya pesa. Mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania unaanza tarehe 1 Julai na unaisha tarehe 30 Juni. Tarehe 1 Julai tuko katikati ya kiangazi. Halafu kuna kutangaza kazi, kumchagua mkandarasi, kusaini mkataba, na pesa kufika. Miezi inapita. Mkoa huu wa Kigoma mvua zinaanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja na zinaendelea mpaka mwezi wa nne au wa tano. Mkandarasi akichelewa kidogo tu, anafika na mitambo yake pamoja na mvua. Anasimama. Mvua zikiisha, mwaka wa fedha nao uko mlangoni kuisha.

Tena kuna jambo lingine. Mvua kubwa ikivunja daraja moja (kwetu wengi tunasema kilalo), pesa iliyopangwa kwa mitaro mingi midogo inachukuliwa kwenda kuokoa daraja hilo. Ni haki, kwa sababu bila daraja hakuna njia. Lakini ile mitaro midogo haikuzibuliwa, na mwaka unaofuata inazaa uharibifu mwingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Halmashauri nyingi zinajua ufa uko wapi, lakini kila mwaka zinaitwa kujenga ukuta.

TULIYOYAONA KWETU NA KWA MAJIRANI

Ndugu wasomaji, haya si hadithi za mbali. Wengi wetu tuna jamaa waliopatikana nayo.

Bujumbura, usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua ya saa chache iliteremsha maji na matope kutoka milimani, yakaingia mitaa ya kaskazini kama Kamenge na Kinama. Zaidi ya watu 60 walikufa. Watu walikuwa wamelala.

Uvira, usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka. Hata mitambo na mabomba ya maji ya mji yaliharibika, na Uvira ni mji ambao kipindupindu kinaujua siku nyingi. Mwezi huo huo mto Rusizi ulifurika Gatumba, upande wa Burundi.

Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda sana mwaka 2021, na tena mwaka 2024. Nyumba, barabara na sehemu za kushushia mizigo ziliingia majini kule Uvira, Kalemie, Gatumba, Rumonge na hata huku Kigoma. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga pale Kalemie, kwa hiyo likijaa halishuki haraka. Mfagizi wa soko ambalo limekuwa ziwa atafagia nini?

Hapa Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang yalifunika sehemu za mji mdogo wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa, na askari pamoja na mitambo walifanya kazi siku nyingi kutoa tope barabarani na majumbani. Mvua za El Niño ziliendelea, na tarehe 25 Aprili 2024 Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa, 236 wamejeruhiwa, na kaya zaidi ya 51,000 zimepata madhara. Alitaja pia ukataji wa miti na kilimo cha kuchoma moto kama sababu zilizozidisha uharibifu.

Na kambi nazo. Wenzetu wa Dadaab kule Kenya, Novemba 2006, kambi ya Ifo iliingia majini, barabara ya kutoka Garissa ikakatika, na misaada ikabidi ipelekwe kwa ndege. Ndege inabeba kidogo na kwa bei kubwa. Lori ndilo linalolisha kambi, na lori linahitaji barabara.

JUA NA UPEPO PIA

Tusiseme mvua peke yake. Kiangazi kikiwa kirefu kuna kazi zingine zinazosumbua.

Majani yaliyoota kwa nguvu wakati wa mvua yanakauka. Kama hayakufyekwa mapema, yanakuwa kuni za moto. Cheche moja kutoka jikoni au kwa mtu anayechoma shamba, moto unatembea mpaka kwenye nyumba za nyasi na mahema. Kwa hiyo kufyeka ukingo wa barabara na kusafisha mkanda wa kuzuia moto ni kazi ya mwezi wa tano na wa sita, si ya mwezi wa nane. Wakati wa mvua tena majani yanaota haraka kuliko wafyekaji, yanaficha alama za barabarani, nyoka wanakaa humo, na dereva haoni mtoto anayetoka kando.

Upepo unaokuja na mvua za kwanza unaangusha matawi. Mti uliooza ulio karibu na darasa au zahanati unatakiwa kukaguliwa mwezi wa nane, kabla ya dhoruba. Ukishaanguka, wale wafanyakazi watano waliokuwa wanazibua mtaro wote wanaitwa kuukata, na mtaro unangoja.

Taka vilevile. Gari la taka lisipofika kwenye jalala kwa sababu ya tope, taka inabaki sokoni siku tatu, nne. Inaoza, nzi wanajaa, mvua inaiosha na kuipeleka kwenye mtaro na kisima. Hapo ugonjwa wa kuhara unapata njia. Mwaka 2015 wengi wetu tulisikia au tuliona kipindupindu kilivyowapata ndugu waliokimbia kutoka Burundi, kule Kagunga na kambini: zaidi ya watu 30 walikufa katika wiki chache. Pale shida kubwa ilikuwa msongamano na ukosefu wa maji safi na vyoo. Maji machafu yakiingia kisimani, kipindupindu kinapata mlango mwingine.

Tuwakumbuke pia wanaofanya kazi hizo. Baba anayefyeka saa saba mchana kwenye jua la mwezi wa tisa anaweza kuanguka kwa kukosa maji mwilini. Mama anayezibua mtaro kwa mikono bila glavu anaingiza mikono kwenye vyoo vya watu wote wa juu yake. Kazi za jua zianze alfajiri na zisimame mchana. Na radi ikianza, koleo na jembe viwekwe chini, watu wasijifiche chini ya mti. Wasimamizi wanaosoma ukurasa huu, hilo halina gharama.

UPANDE WETU SISI JAMAA

Sasa naongea na sisi wenyewe. Halmashauri na mashirika wana madeni yao, nimeyataja. Lakini kuna mambo ambayo hakuna ofisi itakuja kutufanyia.

La kwanza ni mashimo ya matofali. Kila jamaa inajenga, kila jamaa inachimba udongo karibu na nyumba kwa sababu kubeba maji ni mbali. Nyumba inakwisha, shimo linabaki. Mvua ikija shimo linajaa, juu maji yametulia kama uwanja, na mtoto hajui kina chake. Mwaka jana mtoto wa darasa la pili alitolewa ndani ya shimo kama hilo akiwa hai, kwa sababu mama mmoja alikuwa anarudi kutoka bombani akaona kiatu kinaelea. Sitataja kijiji wala jina. Dakika tano nyuma, tungekuwa tumezika. Nawaomba: shimo lisilotumika lifukieni kabla ya mwezi wa kumi. Mkishindwa kulifukia lote, kateni upande mmoja uwe mteremko ili mtoto akiingia aweze kutoka, na zungusheni miiba. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja ya vijana wawili.

La pili ni taka ndani ya mtaro. Mifuko ya plastiki imekatazwa Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa, vifuko vya sabuni na chumvi, nguo kuukuu na maganda ya mihogo bado vinaishia mtaroni. Tunamtuma mtoto, "nenda katupe," bila kumwambia wapi. Mtoto anatupa pale karibu, na pale karibu ni mtaro.

La tatu ni kulima ndani ya ukingo. Najua bustani ni ndogo na chakula hakitoshi. Mtu anaona udongo mzuri kando ya mtaro, anapanda mchicha. Akilima, udongo unalegea, mvua unaushusha, mtaro unajaa. Heri ukingo uachiwe majani yenye mizizi ya kushika udongo, kama mabingobingo au vetiva. Ukiwa na mbuzi, majani hayo utamkatia.

La nne ndilo linaloleta ugomvi. Maji yanaingia kwa mtu, anachimba kamtaro usiku, anayageuzia kwa jirani. Jirani naye anageuza. Nimeona watu wawili waliokula pamoja miaka mingi wakashikana mashati kwa ajili ya maji ya mvua. Kibaya zaidi, mara nyingine mtu wa juu ni Mkongo na wa chini ni Mrundi, au kinyume, na ghafla maji yanapewa kabila. Jamani, maji yanateremka tu. Mtaro hauchimbwi na nyumba moja. Unachimbwa kuanzia chini kwenda juu, ili kila maji yanayoongezwa yakute tayari yana mahali pa kwenda. Ukianza juu, unamzamisha wa chini. Waiteni viongozi wa kijiji cha juu na cha chini, watembee pamoja siku ya mvua ndogo, waone maji yanavyopita wenyewe, ndipo wachimbe.

SALONGO TUNAIJUA

Hakuna geni hapa. Wakongo tulikua na salongo. Warundi wana kazi za jumuiya za Jumamosi. Wanyarwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Watanzania pia wamezoea usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sote tunajua kushika jembe kwa pamoja.

Najua wengine wana machungu na neno salongo, kwa sababu zamani lilikuwa la kulazimishwa na askari. Na wengine wanasema, "Kwa nini nichimbe bure wakati kuna mtu anapewa posho kwa kazi hiyo?" Malalamiko hayo yana haki. Mimi mwenyewe ninafundisha kwa kujitolea, najua maana ya kutoka jasho bila mshahara. Kwa hiyo nasema tugawane: kazi ya jumla, kama kalavati, mtaro mkuu na barabara ya malori, ibaki kwa wanaolipwa, na tuwaulize kwa heshima lakini bila kunyamaza. Mtaro wa mbele ya nyumba yangu, shimo langu na taka yangu ni vya kwangu.

Na kuuliza kuna namna yake. Msiende na kelele mwezi wa kumi na mbili, wakati hakuna linalowezekana. Nendeni mwezi wa tano. Kamati itembee na daftari, iandike: mtaro huu umeziba, kalavati hili limeinama, mti huu umeoza, mahali hapa gari lilikwama. Karatasi moja yenye sehemu kumi inasaidia kuliko mkutano wa kelele. Nakala moja ibaki kwa kamati. Mwezi wa tisa rudini na karatasi ile ile, muone yapi yamefanyika. Vijana wa sekondari wanaweza kuchora ramani ndogo, hiyo ni jiografia ya kweli.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

Jioni mkishakula, baba, mama na watoto mkae muulizane haya:

1. Mvua kubwa ikija usiku, maji yatapita wapi katika uwanja wetu, na yatakwenda kwa nani?
2. Kuna shimo gani karibu na nyumba ambalo mtoto wetu anaweza kuangukia? Nani atalifukia, na siku gani?
3. Mtoto wetu akitumwa kutupa taka, anajua mahali?
4. Kama mama anakaribia kujifungua wakati wa mvua, njia ya kwenda hospitali inapitika? Kama haipitiki, tutahamia kwa nani wiki za mwisho?

Swali la nne msiliruke. Barabara inaweza kutengenezwa mwaka huu au isitengenezwe, lakini siku ya mama kujifungua haisubiri mkandarasi. Jamaa iliyopanga mapema kukaa kwa shangazi au rafiki anayeishi karibu na hospitali imeshajiokoa kwa sehemu.

Majibu yenu na mawazo yenu yaandikeni, hata kwa Kirundi, Kibembe au Kifuliiru, tutapata wa kutufasiria. Yatumbukizeni kwenye sanduku la maoni kabla ya tarehe 20. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya watoto wanaolelewa na bibi zao peke yao.

Mbaki salama, na mashimo myafukie.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.